Mkasi na Mwiko Katika Trei Moja

Jumamosi, tarehe 9 Machi, mwaka 2019, saa tatu asubuhi, foleni ya ukaguzi katika uwanja wa ndege ilisimama kwa sababu ya watu wawili wasiojuana. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, mjane kwa miaka minane, aliyekuwa akienda ng'ambo kumwona binti yake aliyejifungua. Alivaa gauni la kijani lenye utepe mweupe shingoni, alilolishona mwenyewe kwa ajili ya safari hiyo. Wa pili, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa mwashi wa matanuri ya mkate. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la kijivu lililonyooshwa vizuri na miwani iliyochungulia kutoka mfuko wa shati.

"Mkasi huu ni wa nani?" afisa wa ukaguzi aliuliza, akiinua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Ni wangu, mwanangu. Huo ndio mkono wangu wa kulia."

"Na huu mwiko wa kujengea?"

"Wangu," mwashi alijibu. Mikono yake yote miwili ilishikilia suruali, kwa maana mshipi wake ulikuwa bado ndani ya mashine. "Ushike taratibu, tafadhali. Tumezoeana miaka ishirini."

Afisa aliviweka vyote viwili katika trei moja. "Hampandi ndege na hivi. Rudini kaunta mkavikabidhi kama mizigo, au viacheni hapa."

Mama aligeuka akamtazama yule bwana kutoka kichwani hadi kiunoni.

"Kwanza vaa mshipi, bwana. Mkono mmoja ukibeba mwiko, hiyo suruali itabebwa na nani?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na mwashi akacheka kuliko wote.

Kaunta walipewa boksi moja tu. Mkasi na mwiko vikalazwa humo ubavu kwa ubavu, boksi likafungwa kwa utepe wa gundi na kuandikwa jina la mama.

"Sasa mimi ni mateka wako," mwashi alisema. "Ukipotea, nami nimepotea."

"Basi nifuate, Fundi, wala usibaki nyuma."

Alimfuata kwelikweli. Ndege ilichelewa kwa saa nne, na mlango wa kupandia ukabadilishwa mara mbili. Kila mara mama alisimama mbele ya ubao wa matangazo, midomo ikicheza polepole, kisha akaonyesha njia. Mwashi hakuinua macho hata mara moja kuutazama ubao. Walipopewa kadi za abiria wanaoondoka, alimsogezea ya kwake.

"Nijazie, Mwalimu. Miwani hii si ya kusomea."

Mama alipaswa kumwambia kwamba yeye si mwalimu. Hakumwambia. Jina lile lilimkaa vizuri kama gauni lake.

"Umri?"

"Hamsini na mmoja. Lakini magoti yana sitini."

"Magoti hayajaulizwa. Kazi?"

"Najenga matanuri. Huko niendako kuna mwenye kiwanda cha mikate anataka tanuri la matofali."

"Hali ya ndoa?"

"Mgane. Mwaka wa sita huu."

Mama aliandika neno hilo taratibu, herufi baada ya herufi. Alihisi shavu lake likipata joto, akainama zaidi juu ya kadi.

Ndani ya ndege walikaa jirani. Mhudumu alipoleta karatasi ya vyakula, mwashi aliirudisha bila kuitazama. "Nitakula anachokula Mwalimu." Mama alidhani huo ni uchokozi wa mapenzi, akageukia dirishani kuficha tabasamu. Baadaye ndege ilianza kutikisika, vikombe vikaruka, na mwashi akaushika mkono wake.

"Mwalimu, huyu rubani amepita kwenye makorongo?"

"Nyamaza uombe, Fundi!"

Mtikisiko uliisha. Mikono haikuachana.

Mwashi aliposinzia, mama aliomba karatasi kwa mhudumu. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika miaka miwili tu iliyopita, katika darasa la watu wazima, akiwa na miaka arobaini na tatu. Alikuwa hajawahi kumwandikia mwanamume barua. Sasa aliandika, akaikunja mara nne.

Walipofika ugenini walipanda treni pamoja hadi stesheni ya mjini. Pale, juu ya benchi lililokuwa chini ya saa kubwa, walifungua boksi, kila mtu akachukua chombo chake. Mwashi alimtajia namba yake ya simu, tarakimu moja moja, bila kukosea. Mama naye akamtajia yake, akaongeza mistari miwili mwishoni mwa ile karatasi, kisha akaisokotea kwenye mpini wa mwiko.

"Isome ukitulia."

"Nitaisoma," mwashi alisema, na uso wake ukabadilika.

Mwashi hakujua kusoma. Tarakimu alizijua, kwa kuwa matofali hayajengwi bila vipimo, lakini herufi zilikuwa ukuta ambao hakuwahi kuuvuka. Miwani yake ilikuwa ya kuzuia vumbi. Na kule alikofikia, kwa mwenye kiwanda, hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua Kiswahili. Aliikunjua karatasi kila asubuhi, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Jumapili ya tarehe 17 mama alivaa gauni jeupe lenye vifungo vya bluu, akasimama mbele ya kioo.

"Mama," binti yake alisema, mtoto akiwa begani, "hereni zote hizo ni za kwenda kutazama treni?"

"Kaa na mwanao, wewe."

"Haya, bibi harusi. Msalimie dereva wa treni."

Alikaa kwenye benchi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Treni kumi na saba ziliingia na kutoka. Aliporudi, binti yake hakumtania tena, alimpa chai tu.

Kesho yake simu iliita.

"Mwalimu wangu! Umeamkaje, roho yangu?"

"Karatasi uliisoma?"

Hapo ndipo mwashi angeweza kusema kweli. "Niliisoma. Nimeirudia hata mara tatu."

"Ukaonaje?"

"Maneno mazuri sana. Unajua kuandika, Mwalimu."

"Na jana mchana ulikuwa wapi?"

"Jana? Nilikuwa nimelala. Kazi ya tanuri inachosha."

"Umesoma, ukaelewa, ukalala." Sauti ya mama ilishuka. "Asante, Fundi. Angalau sasa najua thamani yangu."

Alikata simu. Mwashi alipiga mara tano, haikupokelewa. Jioni simu yake ililia mlio wa ujumbe kutoka namba ya mama. Aliutazama ule mstari wa maandishi kama mtu anayetazama mlango uliofungwa na sauti ya mpenzi wake iko ndani. Majuma mawili yaliyofuata alijenga kwa ukimya. Tanuri lilitoka zuri, likasifiwa, naye hakuonja hata mkate wa kwanza.

Jumamosi ya tarehe 30 Machi, mama alipanda ndege mapema, akakaa dirishani, akajifunika mtandio usoni. Alijua tangu safari ya kwenda kwamba wangerudi kwa ndege moja. Hakujua kwamba mwashi, aliyeingia mwisho kabisa akitazama huku na kule, angepewa kiti cha mbele yake.

Karibu na kutua, mhudumu, msichana mchangamfu, alipita akigawa kadi za kuingilia nchini.

"Binti yangu," mwashi alisema, tena si kwa kunong'ona, "mimi sijui kusoma wala kuandika. Nimewadanganya watu miaka yote kwa miwani hii. Kadi itasubiri. Naomba kwanza unisomee hii."

Alitoa karatasi iliyochakaa, yenye alama za udongo wa matofali.

"Baba, hii ni barua ya siri."

"Nimempoteza aliyeiandika kwa sababu ya aibu. Aibu imeisha. Soma."

Msichana alisoma taratibu: "'Fundi, mdomo wangu una haya, kalamu haina. Jumapili ya tarehe 17, saa tisa, nitakaa kwenye benchi hili hili, chini ya saa. Ukija...'" Akasita. "Hapa udongo umefuta."

"'Ukija,'" sauti iliendelea kutoka nyuma, "'nitajua kwamba umeniona kama nilivyokuona.'"

Mwashi aligeuka. Mtandio ulikuwa umeanguka mabegani.

"Ulikaa peke yako," mwashi alisema. "Chini ya ile saa."

"Saa tatu nzima, mwongo wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa Mwalimu? Ungenionaje?"

Mama alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi si mwalimu. Juzi tu nilikuwa najificha kama wewe, nikisema nimesahau miwani, na sikuwa hata na miwani. Nami nilikudanganya."

Abiria wa pembeni ya mama, kwa hiari yake, alisimama akampisha mwashi kiti.

"Sasa kadi," mhudumu alikumbusha. "Hali ya ndoa, baba?"

"Mgane. Lakini niachie nafasi kidogo pembeni." Akamgeukia mama. "Mtu hujifunza kwa muda gani mpaka aweze kuandika 'nimeoa'?"

"Mwanafunzi mtiifu, miezi mitatu."

"Na mkaidi?"

"Mkaidi ataandikiwa na wenzake."

"Basi nianze leo."

Mama aliiweka kalamu katika vidole vigumu vya mwashi, akaufunika mkono ule kwa wake, na ndege ilipogusa ardhi walikuwa wamemaliza herufi tatu za jina lake, zimepinda kidogo, lakini zinasomeka.

Tarehe 6 Julai, mbele ya msajili wa ndoa, mwashi aliandika jina lake lote mwenyewe, akiikandamiza kalamu kama mwiko kwenye udongo. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

Nawe uliyefika hapa kwa macho yako, usiikunje hadithi hii ukaiweka mfukoni. Yupo jirani yako ambaye kila siku amesahau miwani. Kaa naye umsomee, kisha mpe kalamu.