Kiungo Aliyechelewa Kurudi

"Ravneel, hilo begi usilisogeze. Ni langu."

Ravneel alisimama sebuleni kwake mjini Ba, Fiji, simu bado mkononi. Alikuwa ndiyo kwanza amekubali kazi ya kufundisha timu ya soka ya Honiara, Visiwa vya Solomon.

"Lako? Unakwenda wapi?"

"Timaru, New Zealand. Nimepata kazi ya kutunza wazee. Ndege Jumatano."

"Shaleshni, mke wangu! Hata kuniambia?"

"Nilikuandikia mara tatu. Ukanijibu kwa alama ya kidole gumba tu."

Miaka kumi na saba Ravneel alikuwa kiungo wa kutegemewa: Suva, Auckland, Port Vila, Papeete, popote alipoitwa. Kila mji alipigiwa makofi, kisha akafungasha. Mkewe alibaki Ba akishona sare za shule.

"Nilidhani ukistaafu utatulia," alisema Shaleshni. "Kumbe umevua jezi ukavaa ukocha. Siku mimba ilipoharibika nilikupigia. Unakumbuka ulisemaje?"

"Shalu, nilikuwa..."

"'Nipe dakika mbili, tunaingia uwanjani.' Nazisubiri mpaka leo."

Jumatano wakapanda ndege mbili tofauti.

Honiara timu ilishinda, ikashinda tena. Jioni Ravneel alirudi chumbani, akachemsha tambi, akampigia mkewe. Simu haikupokelewa. Akaandika: "Habari za leo, mke wangu?" Jibu likaja kesho yake mchana: "Nzuri. Nilikuwa zamu."

Ndipo alipojua siku ya mtu anayesubiri simu ilivyo ndefu.

Mwezi Mei wakatwaa kombe. Wachezaji wakambeba juujuu. Alipowekwa chini alitoa simu, akapitia majina yote. Wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

"Shalu, tumechukua kombe."

"Hongera, kocha. Nawasikia wanavyokushangilia. Nenda kafurahi nao."

"Siwataki wao. Upweke unaniua."

"Pole. Mimi niliuzoea."

Akakata.

Wiki ileile Ravneel akaandika barua ya kuacha kazi. Mwenyekiti wa klabu alishika kichwa.

"Kocha, una wazimu? Kombe bado la moto!"

"Nina mke, mzee. Nilisahau."

Timaru kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Shaleshni alifungua mlango akiwa na sare ya kazini.

"Una mechi gani huku?"

"Sina mechi. Nimekuja kwako."

"Mpaka akupigie nani?"

"Nimewaambia wasinipigie tena."

Akamtazama, kisha akatazama pembeni.

"Sijakusamehe, Ravneel."

"Najua."

"Naingia zamu, natoka saa tisa. Kuna chapati za roti na dengu jikoni."

Akaondoka. Ravneel akabaki peke yake katika nyumba ambayo hata swichi ya taa hakujua iko wapi. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Moyoni akasema, leo ni zamu yangu ya kuachwa.

Saa kumi na nusu ufunguo ukazunguka mlangoni. Shaleshni aliona roti mezani, hazijaguswa.

"Hujala tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Shaleshni akavua koti, akavuta kiti. Alilia kwanza, tena kwa sauti. Kisha akamega roti, akamsogezea nusu.