Mtoto Waliyemzika kwa Maneno

Jamani wazazi, na ninyi mnaoomba kuwa wazazi, nipeni masikio. Kuna boma moja hapa Bungoma ambalo habari yake inaniuma, na sitaizungukazunguka.

Agosti ya mwaka 1952 nyumba ya Barasa ilikuwa na raha tele. Wimbi, yaani ulezi wa kupikia pombe, ulikuwa umeanikwa juani. Jairus, mwana wao wa pekee, alikuwa akizunguka vijijini na kengele zake za chuma mikononi, akialika jamaa kwenye tohara yake. Mama yake, Nakhungu, alikuwa akikanda ukuta upya huku akiimba wimbo wa kanisa, kisha wa tohara, kisha wa kanisa tena, maana kwetu Mungu na mila hulala nyumba moja.

Kumbe raha yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya uongo. Jairus hakuwa mtoto wa tumbo la Nakhungu.

Vita vya Hitler vilipoanza, Barasa alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu karibu na Kiminini. Ndoa yake haikuwa na mtoto. Hapo shambani aliishi Wacera, Mgikuyu aliyefiwa na mumewe, Gachanja, akiwa na mimba. Alijifungua mvulana na maziwa hayakutoka. Nakhungu akaanza kumnywesha mtoto yule maziwa ya ng'ombe, akampenda, mwisho akamwomba awe wake. Wacera alikubali kwa sharti moja, kwamba atakuwa akimwona. Walimalizana wao watatu nyuma ya zizi. Hawakuita mzee, wala mchungaji, wala chifu. Eti watu watasema.

Baada ya muda mfupi Barasa aliacha kazi, akarudi Bungoma na kutangaza kwamba mkewe amezaa. Nani angebisha, na walikuwa mbali? Halafu, ili Wacera asije kuwafuata, akamtumia habari kwamba mtoto amekufa kwa surua. Fikiria mtu anayeweza kumuua mtoto kwa mdomo, kisha akarudi nyumbani kumbembeleza. Lakini Barasa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Alikuwa mwoga tu.

Sasa, mvulana wetu anayealika husifiwa kwa wingi wa wageni wake. Barasa alimwambia Jairus aende kokote isipokuwa Kiminini, bila kumpa sababu. Mtoto akaona baba anamhurumia kwa urefu wa safari. Alitaka kumfurahisha, akaenda huko huko Kiminini kuwaalika marafiki wa ujana wa baba yake. Alipiga kengele zake mbele ya kila nyumba ya wafanyakazi, hata akafika kwa Wacera.

Mama huyo alitoka mlangoni akaona sura ya Gachanja. Alimuuliza babake ni nani. Mtoto akajibu kwa furaha, akataja na siku ya kwenda kwa mjomba.

Kwetu Bukusu, kabla ya kisu, mvulana huenda kwa mjomba wake, kaka wa mama. Mjomba huchinja fahali na kumvisha shingoni ukanda wa nyama ya kifua, luliki, na hiyo ndiyo baraka ya upande wa mama. Siku hiyo Wekoye, kaka yake Nakhungu, alikuwa ameshika luliki mkononi Wacera alipoingia uani, miguu imejaa vumbi.

"Huyu mtoto ni yangu," alisema. "Barasa alituma watu waniambie ati amekufa. Nimelia yeye miaka hii yote."

Wekoye akamgeukia Nakhungu. "Dada, ulimzaa ama hukumzaa? Niambie kabla sijamvisha."

Hata hapo, wasomaji wangu, mlango ulikuwa bado wazi. Wazee walikuwepo, na wao wenyewe walisema baadaye kwamba mtoto aliyepokelewa waziwazi hutafutiwa njia ya kuvishwa luliki. Lakini Barasa alidakia kwamba mwanamke yule ana wazimu, afukuzwe.

Jairus hakumtazama Barasa. "Mama, mimi nitaamini wewe," alisema. "Sema tu."

Nakhungu akaangua kilio. Mtoto akawa amejibiwa.

Wekoye aliirudisha nyama juu ya ngozi ya fahali. Alisema haiwezi kuvishwa kwa uongo, kwa sababu laana ingemwangukia mtoto mwenyewe. Wacera akanyoosha mikono na kumwita Gicheru, jina la babu wa mtoto, baba yake Gachanja. Jairus hakulijua jina hilo. Alivua kengele, akaziweka chini polepole, akatoka kwa njia ya barabarani. Sisi tuliokuwepo uani tulidhani amekwenda kulia peke yake, tukamwachia nafasi.

Hakurudi. Tulimtafuta mpaka Kitale, na mpaka leo hatujui alilala wapi usiku huo wala uliofuata. Serikali ya mkoloni ilipotangaza Hali ya Hatari kwa kuhofia uasi wao, Wagikuyu wa mashamba walipakiwa malorini kurudishwa kwao, na Wacera akaondoka akimwuliza kila mtu habari za mwanawe. Barasa naye alipokwenda serikalini kutangaza kwamba amepotelewa na mtoto, aliulizwa ni wake kwa njia gani. Hakuwa na shahidi hata mmoja, ila yule mwanamke aliyemwita mwendawazimu.

MAFUNZO

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa hiyo kumchukua mtoto wa mwingine si aibu hata kidogo. Aibu ni kumpokea kama mwizi anavyopokea kuku. Ukitaka mtoto, mchukue mchana, mbele ya wazee wa pande zote mbili, mbele ya kanisa na mbele ya sheria, na yeye mwenyewe mwambie mapema ametoka wapi. Usidhani mapenzi yatatosha. Nakhungu alimlea Jairus vizuri kuliko wengi wetu tunavyowalea tuliowazaa, na leo hajui kama ana mtoto au ana maiti.