Mshale wa Saa ya Mlima

Mshale ulisema washuke, wakashuka. Hivyo ndivyo watu watatu walivyoingia katika korongo ambalo hata nguruwe pori hulikwepa, asubuhi moja ya Mei mwaka 1910, ukungu ukiwa umeufunika uwanda wa juu wa Lukwangule kiasi kwamba mtu akinyoosha mkono havioni vidole vyake.

Aliyetoa amri ya kushuka alikuwa Leonard, Mjerumani wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo kikuu huko kwao, akisomea elimu ya ardhi na anga. Milima ya Uluguru aliipanda kwa mambo mawili: kukusanya mawe na kuandika kimo cha kila alipoyaokota, na kuitazama ile nyota yenye mkia iliyokuwa ikitokea alfajiri na kuutia hofu mji mzima wa Morogoro. Vyombo vyake vilibebwa na Mikidadi, karani kijana wa mtaa wa Mwembesongo mjini humo. Mbele alitangulia Severini, mkulima wa Mgeta, mtu mzima mwenye mvi, anayeijua milima ile kama ua wa nyumba yake.

Chombo kilichowaongoza kilikuwa barometa, kidude cha shaba cha mviringo ambacho wapagazi wa milimani walikiita saa ya mlima. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi na mshale unasogea, ukishuka unarudi. Njia ya Mgeta huachana na mgongo wa mlima penye kimo cha mita elfu mbili na mia moja. Katika ukungu ule hawakuwa na alama nyingine ya kuishika.

"Elfu mbili na mia moja," Leonard alisema. "Ni hapa. Tushuke kulia."

Severini aliinama, akachota udongo, akausugua kwa vidole. "Bado, Bwana. Huu ni udongo mweusi, wa juu. Penye njia udongo ni mwekundu."

"Chombo hakidanganywi na ukungu, Severini."

"Udongo nao haudanganywi, Bwana."

Leonard alicheka, akamgeukia karani wake. "Hebu soma wewe."

Mikidadi alisoma. "Elfu mbili na mia moja, Bwana."

Na kweli ndivyo mshale ulivyosema. Ila Mikidadi alijua ni nani aliyeuambia useme hivyo.

Alfajiri ile, kabla ukungu haujashuka, Leonard akiwa amegandisha jicho kwenye darubini, barometa ilimponyoka Mikidadi ikagonga jiwe. Mshale uliruka. Nyuma ya chombo kuna skurubu ndogo ya kuurekebisha, na Mikidadi aliizungusha mpaka mshale ukasimama pale alipodhani ulikuwa. Alikisia tu. Alijiambia kwamba aliogopa hamsa wa ishirini, zile fimbo ishirini na tano za boma, lakini hakuwa mkweli hata kwa nafsi yake, maana Leonard hakuwahi kumpiga mtu. Alichoogopa kukikosa ni barua. Miezi minne, kila jioni, Leonard alimfundisha yale aliyofundishwa chuoni: jinsi milima ilivyoinuka, kwa nini ulanga hung'aa ndani ya jiwe, umbali wa mwezi. Alimwahidi barua ya kumpeleka Dar es Salaam, kwenye kazi ya kupima hali ya hewa, barua ya kusema kijana huyu anafaa kusomeshwa. Na somo la kwanza kabisa lilikuwa la daftari: ukikosea usifute, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, kisha andika ukweli pembeni.

Wakashuka. Mteremko uligeuka ukawa ukuta. Walishikilia mizizi, na mizizi ikang'oka na matope yake. Mvua ikaanza. Chini kabisa maporomoko ya maji yalinguruma, nao hawakuyaona mpaka Leonard alipokanyaga jiwe lenye ukoga na miguu ikamtoka. Severini alimdaka mkanda. Leonard alibaki juu ya mwamba. Severini akaenda na jiwe. Sauti ya mfupa ilisikika licha ya maji yote yale.

Walimkuta Severini amekaa kwenye kijito, muundi umepinda pasipo na kiungo.

"Miwani yangu imekwenda," Leonard alisema akipapasapapasa. "Anatoka damu?"

"Kidogo. Mfupa haujatoka nje," Mikidadi alijibu.

"Tafuta vijiti viwili vilivyonyooka," Severini alisema, meno yakigongana. "Na kamba ya sanduku. Unifunge banzi kabla mguu haujavimba."

Mikidadi alifunga. Kila alipokaza kamba Severini alifumba macho, wala hakulia. Afadhali angelia.

Walikaa korongoni siku hiyo na usiku wake. Maji yalikuwa tele, moto hakuna. Kila kijiti kilikuwa kimelowa. Chakula chao kilikuwa mihogo miwili iliyochomwa tangu jana. Mikidadi aliitoa sehemu yake kwa Severini, na alipoona mzee anamshukuru, alitamani ardhi ipasuke. Leonard, bila miwani, aliisogeza barometa mpaka ikamgusa pua. "Nilisoma vibaya," alikuwa akirudia. "Macho yangu. Nilisoma vibaya, na karani akanifuatisha."

Kulipopambazuka, Leonard akiwa amesinzia, Mikidadi hakuweza tena; alimsogelea Severini, aliyemwita mjomba kwa heshima tu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mpwa."

"Ile saa ya mlima niliiangusha mimi. Nikaurudisha mshale kwa kukisia."

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mkulima amshitaki karani mbele ya Mzungu, kwa kidude asichokijua jina? Nilisema la udongo. Hilo ndilo langu, na halikusikilizwa." Alisogeza mguu, uso ukamkunjana. "Na mimi unaniambia ya nini? Mwenye daftari ni yule pale. Sasa sikiliza. Tukifuata maji tutakufa, chini ni mwamba mtupu. Turudi juu, tulikotoka. Tukitoka kwenye mngurumo huu, mchana tutasikia kengele ya misheni ya Mgeta. Tuifuate hiyo."

Walipanda. Mikidadi alimbeba Severini mgongoni. Leonard alisukuma kutoka nyuma, akienda kwa kupapasa. Hatua ishirini, pumzi. Hatua kumi, pumzi. Mara mbili Mikidadi aliteleza na kuanguka kifudifudi, mara zote mbili akihakikisha mguu wa mzee haugusi chini. Magoti yalichubuka mpaka suruali ikagandamana na damu. Barometa ilikuwa ikimgonga kifuani kila hatua, naye hakuitupa.

Kwenye mgongo wa mlima walijilaza kimya, wakisikiliza. Muda ukapita. Kisha, mbali sana, kulia mwao, kengele ikalia.

"Kulia," alisema Severini. "Mbele zaidi. Niambieni udongo ukibadilika."

Mikidadi alitembea akitazama chini tu. Mweusi, mweusi, mweusi. Halafu, kwenye kingo za kinjia chembamba, mwekundu. Alilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Jioni walikuwa Mgeta. Padri aliunyoosha mguu wa Severini, akasema mfupa utaunga, ila mzee atachechemea maisha yake yote.

Kesho yake Leonard, mikono aliyoichubua kwenye miamba ikiwa imefungwa vitambaa, alimwita Mikidadi barazani na daftari.

"Andika. Tarehe kumi na nne Mei, nilisoma chombo vibaya. Kwa kuwa macho yangu hayaaminiki, vipimo vyote vya miezi minne havifai. Nitarudi chuoni mikono mitupu." Alichomoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani. "Lakini wewe hukukosa. Barua yako hii hapa."

Mikidadi aliandika neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho. Akaitazama bahasha. Kisha akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, mwembamba, yasomeke, na pembeni akaandika: *Chombo kiliangushwa na Mikidadi alfajiri ya siku hiyo, naye akauweka mshale kwa kukisia. Vipimo vya kabla ya hapo ni sahihi. Severini alisema udongo bado ni mweusi. Hakusikilizwa.*

Akalisukuma daftari mbele. Leonard aliliinua mpaka likamgusa pua. Alisoma mara moja, akarudia. Mstari wa mwisho aliusoma kwa sauti. Aliirudisha bahasha mfukoni, akainuka, akaenda kwa kupapasa ukuta mpaka alipolala Severini.

Wiki ile Leonard aliteremka Morogoro na wapagazi wa misheni. Mikidadi alibaki, maana shamba la Severini lilikuwa halijalimwa na mwenyewe hakuweza kusimama. Siku ya kwanza mikono ya karani ilitoka malengelenge kabla jua halijapanda.

Severini alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, anamtazama. "Karani!" aliita. "Hapo ulipo, udongo una rangi gani?"

Mikidadi aliweka jembe chini. Aliinama, akachota, akausugua kwa vidole taratibu kabla ya kujibu.