Modemu Iliyotoweka Dukani kwa Subhash

Jumanne moja ya Agosti 1999, saa mbili asubuhi, Nyanchera, karani wa duka, alifungua ofisi iliyo nyuma ya duka la Subhash mjini Kisii, akakuta kompyuta ipo lakini modemu haipo. Bila kisanduku hicho, kompyuta haikuweza kupita kwenye laini ya simu kufikia intaneti.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya kwa wizi wa namna hiyo. Familia ya Subhash ilikuwa na tovuti tatu: ya vinyago vya mawe ya Tabaka, ya vikapu vya Keroka na ya majani ya chai kutoka Magwagwa. Kwa mwezi mzima walikuwa wamejaribu programu mbili za kuwawezesha wateja wa ng'ambo kuandikiana na duka papo hapo. Saa nne fundi wa Nairobi angefika kuweka ile iliyochaguliwa.

Koplo Persis Kemuma alikuja kwa miguu kutoka kituoni. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa kuharakishwa.

"Funguo ziko kwa nani?" aliuliza.

"Mimi, mwanangu Rahul, na huyu," Subhash alijibu, akimwonyesha Nyanchera kwa kidevu.

Kemuma alikagua. Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima. Kitambaa cha kufunikia kompyuta kilikuwa kimekunjwa vizuri. Waya wa simu ulikuwa umetolewa kwenye modemu na kurudishwa kwenye simu ya mezani, na plagi yake ilikuwa na unga mweupe. Alipoinua mkono wa simu, ikalia. Mlango wa pili, unaoingia jikoni kwa familia, ulifungwa kwa komeo upande wa jikoni.

"Afande, mshike Angwenyi," Rahul alisema. "Jana tulimwambia tumechagua programu ya Nairobi, si yake. Aliondoka amenuna."

Angwenyi, aliyeandika programu ya pili, hakuhitaji kutafutwa. Kabla ya saa tatu aliingia mwenyewe kuchukua diski zake.

"Mimi niibe modemu?" alishangaa. "Nimekaa mwezi mzima nikiomba watu wanunue programu yangu. Bila modemu, inunuliwe na nani? Halafu jana Rahul mwenyewe alinifikisha Manga kwa mama yangu na gari lake."

"Ni kweli," Rahul alikiri. "Niliporudi ndipo tukafunga. Modemu ilikuwepo."

Kemuma akamgeukia Nyanchera. "Mwezi huu nani ametumia kompyuta hii?"

"Mimi na Rahul."

"Na mwingine?"

Msichana akatazama sakafu. "Siwezi kusema, Afande."

"Huwezi ama hutaki?"

"Niliahidi."

"Basi ni yeye!" Subhash alipiga meza. "Miaka minne nimemwamini kama mtoto wangu. Mpeleke kituoni!"

Wakati huo mkewe, Jashoda, alikuwa ameingia na chai. Alitua sinia mezani, akaanza kugawa vikombe. Nyanchera alimtazama mara moja tu, kisha akageuza macho, machozi yakimlengalenga.

Kemuma alipokea kikombe, akakaa. "Rahul, nifundishe. Hizi programu mbili zina tofauti gani?"

"Ya Angwenyi, mazungumzo yakiisha, maneno yanapotea. Ya Nairobi inahifadhi kila neno. Jioni Baba atachapishiwa yote asome."

"Haya mliyasema mbele ya nani?"

"Jana mezani, tukila. Sisi watatu: Baba, Mama na mimi."

"Kuna mteja asiye wa kawaida?"

Rahul alifikiri. "Yuko mmoja wa Kanada. Nyanchera anasema kila siku saa tisa anauliza bei ya bakuli za mawe. Hajanunua hata moja. Saa hiyo mimi huwa benki, na Baba huwa amelala."

Kemuma aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwizi angevuta waya akimbie," alisema. "Huyu amekunja kitambaa, akarudisha simu ili duka lisikose wateja. Analipenda duka. Hakuvunja kitu, maana aliingia kwa mlango ambao komeo lake liko jikoni, na mikono yake ilikuwa na unga. Hakutaka modemu. Alitaka programu ya Nairobi isiwekwe leo, kwa sababu saa tisa kuna mtu angeandika, na maneno yake yangefika mezani kwako, Mzee." Akainua macho. "Mama Jashoda, mimi pia nina binti. Tafadhali sema mwenyewe, kabla huyu hajalala korokoroni kwa ajili yako."

Jashoda alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sari.

"Iko ndani ya debe la unga," alisema. "Mwache Nyanchera. Kosa lake ni kunifundisha kuandika."

"Unamwandikia nani?" Subhash aliuliza, ingawa sauti yake ilionyesha amekwisha jua.

"Ruchi."

Miaka mitatu iliyopita binti yao Ruchi aliolewa na Obadiah, daktari kijana wa Nyamira, wakahamia Kanada, na mji mzima ulijua. Subhash hakuikubali ndoa hiyo, akakataza jina la binti lisitajwe nyumbani.

"Sikuwa na namba yake ya simu nimwonye asiandike," Jashoda aliendelea. "Nikaona heri akute kimya kuliko usome halafu umfungie mlango mara ya pili. Amejifungua wiki jana. Msichana."

Subhash alishika mgongo wa kiti.

"Anaitwa nani?"

"Bado hana jina. Ruchi anataka babu yake ampe."

Mzee alimgeukia Nyanchera. "Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea mbele ya watu."

"Yameisha, Mzee," Nyanchera alijibu, akijipangusa mashavu.

"Rahul, fundi wa Nairobi akifika, mwambie arudi. Angwenyi, weka yako. Nyumba hii haihitaji mtu wa kusoma maneno ya mwenzake."

Kemuma alisema polisi hawana kesi ya modemu iliyohamia jikoni, lakini hakuondoka. Alibaki akila chapati, hata saa tisa ikafika na maneno yakatokea kwenye skrini: *Mpo?*

Jashoda alisogea pembeni. Subhash akaketi, akatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja.

*Tupo,* aliandika. *Mimi ni baba yako. Mtoto amelala?*