Mabeseni Sita ya Babu

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Kidoti alizunguka nyuma ya nyumba kumpelekea babu yake maji ya kunawa. Alimkuta pale pale, ameinama juu ya mabeseni yake sita, miwani imemshuka puani, anafunuafunua majani kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Tembea taratibu, wageni wangu wamelala."

Wageni wenyewe walikuwa wadudu. Katika kila beseni yalielea magugu maji, yale yale yaliyoziba ghuba yao ziwani, na ndani ya magugu hayo waliishi vijidudu vya rangi ya kahawia, vidogo kama wale wanaotoboa mahindi ghalani. Vijidudu hivyo havina chakula kingine isipokuwa magugu maji. Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, ndiye aliyemletea babu wadudu wa kwanza, wachache tu ndani ya kopo, akamwomba awazalishe mpaka wawe maelfu.

Zamani ghuba ile ilikuwa wazi. Mama yake Kidoti alipokuwa mtoto aliona samaki wakichezacheza karibu na mawe ya kufulia. Sasa palikuwa kijani kitupu, kama shamba, mpaka macho yanaishia. Chini ya yale majani jua halikufika. Maji yakawa meusi na yakanuka, samaki wakahama, na watoto waliooga humo walijikuna mpaka wakatoka damu. Kila Jumamosi watu walishuka kung'oa kwa mikono, wakaanika na kuchoma walichong'oa, na kabla ya mwezi kwisha pakawa pamefunga tena. Babu alikuwa fundi nyavu. Mitumbwi ilipoacha kwenda ziwani, nyavu za kushona zikaisha, naye akahamishia mikono yake kwenye mabeseni.

"Nataka niyaone maji tena," alisema. "Sitaki kingine. Niyaone yakimetameta, halafu Mungu aniite akipenda."

Bwana Samaki alipanga kuja mwisho wa mwezi kuwachukua wadudu na kuwamwaga ghubani kabla mvua hazijaanza.

Shuleni wenzake Kidoti walimtania. "Eti, kwenu mkipika wali," aliuliza binti wa fundi baiskeli, "wadudu mnawachambua au mnawafuga?"

"Tunawachagulia wageni kama wewe," Kidoti alijibu, na wote wakacheka. Binti wa fundi baiskeli ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa.

Kikohozi cha babu kilizidi. Siku moja mchana hakuweza hata kukaa wima, na mama akaita gari la jirani limpeleke hospitali ya mjini. Nyumba nzima ilikuwa mbiombio. Babu alisimama mlangoni, ameegemea fremu, akamwita Kidoti.

"Mabeseni nakuachia wewe. Kila wiki weka magugu mabichi. Yaweke kando ya yale ya zamani, umenisikia? Ya zamani usiyatoe. Wadudu wakubwa mchana wanajificha chini kwenye shina, na watoto wao wako ndani ya bua. Waache wahame wenyewe."

Kidoti alikuwa amepiga magoti, kichwa chini ya kitanda, anatafuta kandambili ya pili ya babu. Dereva alikuwa anapiga honi. "Ndiyo, babu," alisema. Alichosikia ni kwamba aweke magugu mabichi kila wiki, na kwamba kuna jambo kuhusu yale ya zamani. Aliona haya kuuliza tena, naye babu anahema vile.

Wiki ilipokwisha aliyatazama mabeseni akafadhaika. Majani yalikuwa yamekauka pembeni, yamejaa madoa na vitundu. Mabua yalikuwa laini, mengine yameoza na kunuka. Akajiambia, babu akirudi akute uchafu huu, atasema mjukuu wake ni mvivu.

Basi alifanya kazi, tena kwa moyo wote. Alishuka ziwani mara nane na karai kichwani, akaleta magugu mabichi yenye majani ya kung'aa. Aliwatafuta wadudu juu ya majani yale mabovu, akapata kumi na watatu, akawaweka kwenye kopo kwa ncha ya kijiti, akidhani ndio wote waliobaki. Akayang'oa magugu ya zamani yote, akayaanika, na yalipokauka akayachoma. Mabeseni aliyasugua kwa sabuni ya unga mpaka yakateleza. Mapovu aliyamwaga kwenye mtaro unaoshuka ziwani, kama kila mtu pale alivyofanya. Kisha akajaza maji, akapanga magugu mabichi, na kuwarudisha wale wadudu kumi na watatu.

Binti wa fundi baiskeli alikuja kuangalia, akashika kiuno. "Yamependeza kama ya bibi harusi. Babu yako atakuchinjia kuku."

Siku ya nne Kidoti aliona wadudu wawili wanaelea, miguu juu. Siku ya tano, wanne. Majani mapya yalizidi kunenepa, hayana hata kitundu kimoja. Alichutama pale akatumbukiza mkono, akapasua bua moja, na jingine, na jingine. Hamkuwa na kitu. Ndipo maneno ya babu pale mlangoni yalipomrudia, moja baada ya jingine, na akaelewa alichokuwa amekichoma.

Hakumwambia mama. Hakumwambia mtu. Jumapili walikwenda hospitali.

Babu alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa amekonda hivi kwamba shuka halikuonyesha kama kuna mtu chini yake. Mama alianza kumkunjia nguo. Kidoti alisimama miguuni pa kitanda.

"Sogea, mama, nikuone. Wageni wangu wanaendeleaje?"

Maneno ya kweli yalikuwa mdomoni. Alimtazama babu alivyokuwa anangoja, macho yameng'aa, akaona hawezi.

"Wanakula, babu. Majani yametoboka kama chujio."

Babu alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na mama akamshika mgongo. Alipotulia alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, dereva wa lori aliyevunjika mguu. "Umemsikia? Huyo ndiye fundi wangu sasa. Mimi nikifungua mdomo tu, yeye ameshamaliza."

"Umebarikiwa, mzee," yule dereva alisema.

Njiani kurudi nyumbani Kidoti alijiwekea ahadi. Babu akirudi tu, siku ile ile, kabla hajaketi, atamwambia. Usiku na mchana aliirudia ahadi hiyo kama sala.

Jumatano, wakiwa katikati ya somo la hesabu, mwalimu mkuu alisimama mlangoni, akamwita kwa jina lake kamili. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo shuleni. Kidoti alijua kabla hajafika nje.

Babu alizikwa kesho yake. Watu walijaa uani, wakasema mema yake, na Kidoti aliyasikia kama anayesikia kwa mbali. Kisha akaja yule dereva wa lori, kwa magongo, ametoka hospitali asubuhi ile. Alimtafuta Kidoti kati ya watoto.

"Ni wewe? Pole sana, mwanangu. Nilitaka ujue. Siku zake za mwisho alikuwa hana habari nyingine ila wewe. Amekufa ametulia, anajua kazi yake iko mikononi mwa mtu."

Alitaka kumfariji. Kidoti alikimbilia nyuma ya mabeseni, akajifunika uso kwa khanga ya mama, akalia mpaka sauti ikaisha.

Baada ya siku tatu Bwana Samaki alikuja na ndoo zake. Alitoa pole, akaomba maji ya kunywa, akaenda nyuma na mama. Aliinua jani moja, akaligeuza. Akainua jingine katika beseni la pili. Akapita beseni hadi beseni mpaka la sita.

"Mama Kidoti, hawa wadudu wamekwenda wapi?"

"Mimi sijui habari zao, bwana. Mtoto ndiye aliyeachiwa."

Kidoti alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Angeweza kusema kuku wamewadonoa. Angeweza kusema wamekufa kwa baridi. Mwenye mabeseni hayuko, nani angebisha? Alitembea mpaka mbele yao.

"Nimewaua mimi," alisema. Akaeleza yote, kandambili, karai, sabuni, moto. Alipofika kwenye habari ya hospitali akasita, kisha akamaliza. "Babu aliniuliza. Nikamwambia wanakula. Amekufa ananiamini."

Mama alikaa chini juu ya tofali.

Bwana Samaki alivua kofia. "Sitakudanganya, binti. Hasara ni kubwa. Mvua zitaanza wiki mbili zijazo, na magugu yatapanda mpaka kwenye mawe ya kufulia." Alizungushazungusha kofia mikononi. "Lakini kuna jambo ambalo labda hata mama yako halijui. Mwaka juzi wadudu wa kituo cha ng'ambo ya ziwa walikufa wote. Babu yako alinipa beseni zima niwapelekee, bila kuulizwa mara mbili. Wale walioko kule leo ni uzao wa wadudu wake. Nitakuletea kopo moja. Lakini sikuletei kwa kukuhurumia. Nakuletea kwa sababu umesema mwenyewe. Mtu anayeficha vifo vya wadudu, mimi sifanyi naye kazi."

Mvua zilikuja kama alivyosema. Mwaka ule ulikuwa mbaya. Ghuba ilifunga kabisa, mama akawa anatembea mbali kutafuta maji safi, na watoto wawili wa jirani waliugua kuhara wakalazwa. Kidoti alipowaona wakirudi, wamelegea mabegani mwa mama zao, aliinamisha uso.

Lakini kopo la Bwana Samaki lilifika, na kila asubuhi Kidoti alikuwa kwenye mabeseni. Aliweka magugu mabichi kando ya yale ya zamani. Alisubiri. Hakutia sabuni, wala hakutoa bua kabla hajalipasua kuangalia. Bwana Samaki alipita shuleni akawaeleza wanafunzi kwamba wadudu peke yao hawatoshi: magugu yananenepa kwa uchafu tunaomwaga, mapovu, mbolea inayooshwa mashambani, vinyesi. Binti wa fundi baiskeli ndiye aliyeanza kuchimba shimo la maji machafu kwao, na kwa utani wake akawaaibisha majirani mpaka nao wakachimba. Mtaro ukakauka. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, wakamwaga wadudu ghubani, ndoo kumi na moja.

Ilichukua misimu miwili. Kwanza majani yalipata vitundu. Kisha yakabadilika rangi, yakadhoofika, yakaanza kuzama yenyewe, na watu wa Jumamosi sasa waling'oa yakang'oka, hayakurudi. Jioni moja Kidoti, aliyekuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi, alishuka na mama kuchota maji. Mbele ya mawe ya kufulia palikuwa wazi, pana kama uwanja wa mpira, na jua la mwisho lilicheza juu yake.

Kidoti alitua ndoo. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi.

"Mama, babu angejua, angenikasirikia sana?"

Mama alikaa kwanza juu ya jiwe la kufulia. Alikuwa mtu wa kupima maneno.

"Angekasirika," alisema. "Namjua baba yangu. Angekasirika mpaka jioni, angekataa hata chai. Halafu kesho yake angekuita, akakueleza upya, pale pale kitandani hospitali, na wewe ungesikiliza vizuri. Wadudu uliwaua kwa kutojua, mwanangu, na Mungu anajua hukukusudia. Lakini ile siku moja ya hasira na ya kusameheana, hiyo ulimnyima. Ukajinyima na wewe. Sasa nimekuona miaka hii unavyobeba mzigo huo, na sitaki uubebe mara ya pili. Ukikosea, sema mapema, mtu wako angali yuko wa kukusikia."

Kidoti aliinama akajaza ndoo. Maji yalikuwa safi mpaka chini, mchanga unaonekana. Mama alimtwisha, wakapanda pamoja, Kidoti akilia taratibu, na mama hakumwambia anyamaze.