Damu Isiyo ya Nsimire

Maiti ya Remigius iligunduliwa Jumatatu asubuhi na mfanya usafi, ndani ya chumba cha baridi cha maabara moja huko Clintonville, kaskazini mwa Columbus. Alikuwa kifudifudi karibu na mlango, kucha zimevunjika. Mpira unaopeleka naitrojeni kwenye matangi ulikuwa umechomoka, na gesi hiyo isiyo na rangi wala harufu ilikuwa imejaa chumbani ikaifukuza hewa ya kupumua.

Wakubwa wa maabara walisema ni ajali. Mpelelezi Germana, Mtanzania aliyekuwa askari wa Columbus kwa miaka mingi, naye angekubali kama si king'ora cha kuonya hewa inapopungua. Swichi yake ilikuwa ukutani, nje ya mlango, na ilikuwa imezimwa kwa ufunguo. Ufunguo pekee uliojulikana ulikuwa mfukoni mwa marehemu, na mlango ulikuwa umekomewa kwa nje.

Kazi ya Remigius ilikuwa kutunza vichupa vya damu ya watoto wa Kivu, mashariki mwa Kongo, waliokuwa na ugonjwa wa kurithi, unaoua kabla ya kubalehe. Vilihifadhiwa Marekani mpaka Bukavu iwe na benki yake ya sampuli, madaktari wa kule wafanye utafiti nyumbani. Benki hiyo sasa ilikuwa tayari, na vichupa vilikuwa visafirishwe wiki hiyohiyo.

Kamera ya mlango mkuu ilimwonyesha mgeni mmoja Jumapili mchana: Bahizire, Mkongomani wa Louisville anayefanya kazi ya kupakia mizigo ghalani. Alitoka akiwa amefura kwa hasira. Kamera haikuona mlango wa nyuma.

Germana aliendesha gari hadi Louisville. Bahizire alimkaribisha sebuleni, ambako binti yake Jolie alikuwa amelala kwenye kochi, amekonda, macho yana umanjano. Dada yake Jolie, Nsimire, alikufa Bukavu kwa ugonjwa huohuo, na damu yake ilikuwa miongoni mwa zile za Columbus. Madaktari wa Jolie walitaka kuilinganisha na yake, wapate pa kuanzia. Remigius alikuwa amekubali kuipima.

"Alikuambia nini?" Germana aliuliza.

"Alinambia ile damu iko ya mwanaume," Bahizire alisema. "Nsimire alikuwa mutoto mwanamuke. Donc, nilimuuliza, yake iko wapi? Akasema hata yeye hajue. Bon, nilikasirika, nilipiga mulango. Lakini nilimuacha muzima, mama."

Wenzake Germana walitaka Bahizire akamatwe siku hiyohiyo. Alikuwa na hasira, na hakuna mwingine aliyeonekana. Germana alikataa. Mtu aliyeingia pale mara moja tu angejuaje swichi ya king'ora, na ufunguo angeutoa wapi? Akaagiza vichupa vingine vipimwe. Majibu yakarudi. Watoto wa Uvira, wa Walungu, wa Bukavu, wote walikuwa na damu moja, ya mwanaume mmoja, mtu mzima.

Kabla ya kuhamishiwa Columbus, vichupa vilikuwa kwenye friza huko Buffalo, mikononi mwa mkuu wa mradi, Daktari Silvano, aliyesimamia pia ufungaji wa king'ora cha Columbus. Siku ya maiti kupatikana, Silvano alimwambia Germana kwa simu kwamba Jumapili nzima hakutoka, gari lake lilikuwa limefukiwa na theluji uani. Germana aliomba picha za kamera za barabara kuu. Gari lilikuwa limepita likielekea Columbus Jumapili asubuhi, na kurudi usiku.

Alimkuta nyumbani kwake Riverside, karibu na Mto Niagara. Alikuja na askari wawili wa Buffalo na amri ya mahakama ya kupekua nyumba na kuchukua mate yake, yalinganishwe na ile damu. Kwa kuwa alikuwa mkubwa kwake, alimwamkia shikamoo. Silvano aliitikia, akaisoma amri yote, akakaa. Askari mmoja alirudi kutoka chumbani na ufunguo mdogo wa shaba, nakala ya ule wa king'ora.

"Ile damu ni yako, Daktari?"

"Ni yangu."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Vichupa vikiwa bado Buffalo, kimbunga cha theluji kilikata umeme. Simu ilimwonya kwamba friza zinapata joto, naye akabaki kitandani akitumaini umeme utarudi. Haukurudi upesi. Alipofika maabara, kila kitu kilikuwa kimeharibika. Akaimwaga damu yote kwenye sinki, akawa anajitoa yake kidogo kidogo mpaka vichupa vyote vikajaa.

"Nani angejenga benki kwa ajili ya vichupa vitupu?" aliuliza. "Nilitaka Bukavu wapate benki yao."

"Na Remigius?"

"Alinipigia Jumamosi kuniambia amegundua. Nikaenda kumsihi anyamaze, akasema atawaambia Bukavu ukweli. Alipoingia kukagua matangi, niliuchomoa mpira kana kwamba namsaidia, nikatoka, nikakomea mlango na kuzima king'ora."

"Ulimsikia akigonga?"



"Nilimsikia," alisema.

Habari ya Nsimire Germana hakutaka kuipeleka kwa simu. Alirudi Louisville, akamwambia Bahizire waziwazi kwamba damu ya mtoto wake ilimwagwa kwenye sinki huko Buffalo, na hakuna popote ilipobaki. Madaktari wa Jolie wasingekuwa na cha kulinganisha.

Bahizire hakulia. Aliuliza kama ile benki ya Bukavu itafunguliwa hata hivyo. Germana alisema itafunguliwa, ila ndani hakuna kitu.

"Bon," alisema. "Watakuya kuchukua damu ya Jolie, ikuwe ya kwanza mule. Lakini mi nitasimama pale, niangalie mupaka waandike jina lake."

Kisha akaenda kumgeuza binti yake upande wa pili, maana ubavu ulikuwa unamuuma.