Ulikuwa Unamwambia Nani?

"Dada wa gauni la njano, sogea hapa dirishani."

Msichana akasogea. Mfamasia akainama, koti lake jeupe linanukia pasi, akanong'ona: "Kila siku nakuona kwenye foleni, na cheti huna. Unasumbuliwa na nini? Niambie, hasikii mtu."

"Mnanong'onezana nini nyie?" akafoka bibi mmoja nyuma. "Sisi tunaumwa!"

Watu wakacheka. Msichana alitamani ardhi impasukie, maana hakuwa na hata mafua. Yeye alikuwa mtaalamu wa anthropolojia, kazi yake kukaa na watu mpaka ayaelewe maisha yao. Pamoja na daktari na bingwa wa takwimu, walikuwa wanatafuta kwa nini maskini huondoka hospitali bila dawa.

"Siumwi, kaka. Nafanya utafiti."

"Basi nitafiti na mimi."

Haya, hapo ndipo mambo yalipovurugika. Mchana alimhoji kwa ridhaa yake, kinasa sauti mezani. Jioni walitembea bila kinasa sauti, lakini kuuliza hakukukoma. Mfamasia akambandika jina la Bi Maswali. "Umekula, Bi Maswali wangu?" ndivyo simu zake zilivyoanza.

Jioni moja, wameshikana mikono, akamwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Baba yake aliacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu mhudumu alimtangazia ugonjwa wake mbele ya foleni nzima. Aibu ilimrudisha nyumbani, na nyumbani akafia. "Ndiyo maana mimi nanong'ona," alisema. Msichana alilia naye.

Kisha, jamani, usomi nao! Siku wafanyakazi wa hospitali walipoitwa kusikiliza matokeo ya utafiti, msichana akasimama mbele yao: "Mhudumu mmoja alitusimulia habari za baba yake..." Kule nyuma mtu akainuka, akatoka. Alikuwa yeye.

Msichana akampigia simu, ikaita mpaka ikachoka. Mwishowe akapokea.

"Mpenzi, sikutaja jina."

"Mimi nilimjua baba yangu bila jina. Siku ile nilikuwa namwambia nani? Mpenzi wangu, au mtafiti?"

Msichana kweli hakujua. Alilia kama mpenzi, akakumbuka kila neno kama mtafiti, na sasa hakuweza kuwatenganisha hao wawili. Alichokijua ni kwamba anampoteza.

Akawaomba wenzake wakiondoe kisa kile kwenye ripoti.

"Lakini ndicho roho ya ripoti!" daktari akaruka.

"Hakikuwa chetu, daktari. Niliaminiwa mimi."

Kisa kikaondolewa, naye akaenda dirishani kumwambia mwenyewe. Mfamasia akamsikiliza bila kumtazama.

"Jioni njoo nyumbani, mama yupo. Ila ukiuliza swali hata moja, mlango ule pale."

Akaenda. Mfamasia akajitia jikoni. Msichana akakaa ukingoni mwa kochi, ulimi unamwasha, hata "hujambo, mama?" akaiogopa, akaponea kwenye shikamoo.

"Marahaba. Mbona kimya, mwanangu? Nimeambiwa wewe ni maswali matupu."

"Nimekatazwa, mama."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Basi ngoja niulize mimi. Huyu mwanangu unampenda?"

"Nampenda, mama. Mengine yote yamenichanganya, hilo hapana."

Vyombo vikanyamaza jikoni. "Mama," mfamasia akaita, "sasa muulize, lini twende tukawaone wazazi wake?"

"Kesho!" msichana akadakia, kabla mama hajafungua mdomo.